Ile eror yako ya GDB, kabla hujanunua kebo nyingine

Sele mwanangu, mambo vipi,

Meseji yako nimeisoma usiku nikacheka peke yangu kitandani, maana hiyo "Ignoring packet error, continuing..." unayoipata ukitumia GDB (programu ya kusakia makosa) kudibagi kerneli, yaani kiini cha Linux, ya mashine nyingine kupitia kebo ya serial, mwezi uliopita ilinikesha siku mbili mfululizo, nikawa nailaumu adapta ya USB niliyonunua Kariakoo, nikabadili na kebo, kumbe adapta ya watu haina kosa lolote.

Sikia, GDB na kerneli wanaongea kwa vipaketi, kila kipaketi kinaanza na alama ya dola kinaishia na # na herufi mbili za kuhakiki, hesabu ikigoma anayepokea anarudisha alama ya kutoa yaani tuma tena. Kwa hiyo baiti moja tu ikidondoka njiani kipaketi kizima kimekwenda na maji. Sasa mi niliacha minicom wazi kwenye dirisha jingine, ile programu ya kusomea poti ya serial niliyokuwa naangalizia mashine ikiwaka, nikaisahau kabisa. Programu mbili zikisoma poti moja zinagawana baiti kama watoto kwenye sinia moja la pilau, kila mmoja anamega pale mkono unapofika, GDB ikabaki na makombo halafu inanipigia kelele mimi.

Kabla ya yote piga fuser /dev/ttyUSB0 (hiyo ndo poti ya adapta) uone programu gani nyingine imeishikilia. Ukimkuta ModemManager, ile huduma ya Linux ya kusimamia modemu, usishangae, huyo ukichomeka tu adapta anadhani ni modemu, anaanza kuirushia amri za AT, zile za modemu. Mi nimemzima jumla, modemu yenyewe sina.

Afu kitu kingine, hujaniambia kama unaisimamisha kerneli kwanza ndo unaunganisha. Wengi tunaruka hapo. Kama bado inatembea basi hakuna wa kukujibu, vipaketi vyako vinaenda kuangukia kwa getty, programu inayosubiri mtu alogini kwenye poti hiyohiyo ya serial (ttyS0) ya mashine ile, nayo inakurudishia ulichotuma vilevile kama kasuku. Ingia kama root (msimamizi mkuu) kwenye mashine inayodibagiwa, andika echo g > /proc/sysrq-trigger, itaganda, hapo ndo uje na amri ya target remote kwenye GDB uunganishe. Spidi umesema umeweka 115200 pande zote, sawa, hilo tuliache.

Ile eror ya pili, ya brekipointi (alama ya kusimamisha programu mahali unapotaka) kugoma eti "Cannot access memory", hiyo haihusiani na kebo hata kidogo. Ni KASLR, ule ulinzi wa kuhamisha-hamisha kerneli kwenye memori, kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) inakuja imewashwa tangu toleo la 4.12 la 2017, kila ukiwasha mashine kerneli inakaa sehemu tofauti na ile iliyoandikwa kwenye vmlinux yako (faili la kerneli unaloipa GDB), so GDB inaenda kugonga nyumba ambayo watu washahama. Ongeza nokaslr kwenye mstari wa amri wa kuwashia kerneli, basi.

Ikizingua bado, andika set debug remote 1 kwenye GDB halafu nirushie yote inayotapika, usinikatie vipande kama ulivyofanya jana. Na ile kebo yangu ya null modem, ya kuunganisha poti mbili za serial, ukimaliza nirudishie bwana, ni ya tatu hiyo inapotelea kwako.

Nisalimie nyumbani.