Mafundi, msikimbilie kukata filta ya dizeli

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenye magari ya dizeli na mafundi wetu. Taa ya DPF ikishawaka, ile filta ya masizi kwenye ekzosi, na gari ikakosa nguvu, mteja anaambiwa palepale kata, toa vya ndani, weka bomba tupu. Mimi ilibaki kidogo nikubali, fundi wa kwanza hata mashine ya kupima hakuunganisha, kasikia taa imewaka basi akaenda kuchukua grainda.

Wa pili alipima kwanza, akakuta nozeli moja, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini, inavuja, ndiyo iliyokuwa inazalisha masizi mengi kuliko filta inavyoweza kuyachoma. Angesafisha bila kugusa nozeli, baada ya wiki chache ningerudi palepale. Hata hozi ndogo za sensa ya presha, ile inayopima filta imeziba kiasi gani, zikipasuka au kuziba mashine inaweza kudanganywa filta imejaa kumbe haijajaa.

Kusafisha bila kuishusha filta kunawezekana kabisa, ila lazima watu waelewe kinachosafishwa. Masizi yanaungua yakifika joto la nyuzi 600 hivi, ndiyo maana gari ya safari fupi fupi inaziba haraka, ekzosi haipati moto wa kutosha, na ukizima injini katikati ya kujichoma, yaani gari inapoongeza dizeli yenyewe ili kuyachoma masizi ya filta, dizeli hiyo iliyoongezwa inateremka kwenye oili, oili inapanda kwenye dipstiki na inakuwa nyepesi, hiyo inaua injini kimya kimya jamani. Ikiwa ndo taa imeanza kuwaka, mara nyingi dakika 20 za barabara kuu bila kusimama simama, injini ikizunguka zaidi ya raundi 2,000 kwa dakika, zinatosha. Ikishindikana fundi anaiamuru ijichome kwa mashine, nje, mbali na nyasi kavu na chochote kinachoshika moto, na kama masizi yamezidi kiwango cha mtengenezaji asilazimishe maana moto unaweza kuipasua filta yenyewe.

Halafu kuna dawa ya kupuliza. Injini imezimwa, filta imepoa kabisa, unafungua sensa iliyo kabla ya filta, upande wa injini, unapitisha mpira mwembamba unapuliza povu ndani, unasubiri kama chupa inavyoelekeza, kisha maji yake ya kusuuzia kama yapo, unarudisha sensa, unaenda kuendesha ili yaliyolegea yaungue. Msipulize kwenye filta ya moto!

Ila majivu ni kitu kingine. Hayo yanatoka kwenye oili ya injini, hayaungui hata ufanyeje, na gari ikishatembea sana ndiyo yanayojaza filta. Hapo dawa na safari ndefu havisaidii, filta ishushwe ikasafishwe kwa mashine yake au ibadilishwe, na tangu siku hiyo mwekeeni mteja oili ya majivu kidogo aliyotaja mtengenezaji, siyo oili yoyote iliyopo dukani.

Kukata ni kumwaga masizi hewani, wanayavuta watoto wetu kifuani, na nchi nyingi ni kosa kisheria. Ombi langu kwa mafundi ni dogo, kabla ya kugusa filta ya mtu muonyesheni presha inasoma ngapi, na mkimaliza muonyesheni tena, muandike zote mbili kwenye risiti.

Msomaji wako, dereva wa dizeli