Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Mtaa

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana (wale wawili mnaokuja), habari zenu.

Nianze na mepesi maana mengi mnayajua, yamepita mlangoni kwenu. Mitaro imezibuliwa mara mbili, kabla ya mvua na baada ya mvua. Taa tatu zilizokuwa zimekufa zinawaka. Benchi la kona limepigwa rangi, na aliyelikalia siku hiyo hiyo asubuhi tulishamuomba radhi. Chemba ya chini ya ule mti mkubwa ilifunguliwa ikakutwa mizizi imejaa ndani kama mkia wa farasi. Fundi akatuelewesha kwamba mabomba haya ya zamani ya udongo yameungwa vipande vipande, maungio yakilegea maji yanatoka kidogo kidogo na mizizi inafuata unyevu mpaka inaingia ndani, so mti hauna kosa, bomba ndio limechoka. Kipande kimebadilishwa. Mti haujakatwa na mimi nikiwa mwenyekiti haukatwi. Misiba tumeshiriki, wagonjwa tumewaona. Haya.

Sasa nguzo.

Najua nusu yenu mmekuja kwa ajili ya nguzo, na nafurahi maana leo angalau viti vimejaa. Kwa wageni, nguzo ni ile ya chuma mwisho wa mtaa kule chini, nyekundu na nyeupe, ina kufuli, ikifunguliwa inalala chini na gari linapita. Ikisimama gari halipiti, ila mtu wa miguu, baiskeli, na kigari cha mtoto au cha mgonjwa vinapita bila shida. Nimepima upana mwenyewe.

Kwa nini tuliweka? Mtaa wetu ulijengwa kabla watu hawajawa na magari, milango inafungukia barabarani moja kwa moja, na magari mawili yakikutana lazima moja lipande ukingoni. Zamani hiyo haikuwa shida maana aliyekuwa anapita ni wa humu au mgeni wa humu. Alafu zikaja hizi programu za ramani kwenye simu, dereva kakwama kwenye foleni barabara kuu, simu inamwambia kata kushoto, anakata, na wa nyuma yake anakata. Kuna Jumanne moja nilikaa kizingitini na daftari la mjukuu wangu kuanzia saa 11 mpaka saa 12 jioni, kila gari kistari, tano tano, nikajaza kurasa mbili. Magari niliyoyajua hayakumaliza mstari mmoja. Daftari lipo hapa mezani, anayesema nimetia chumvi aje ahesabu vistari.

Na hawaendi mwendo wa taratibu. Gari la kilomita 50 kwa saa likikugonga lina nguvu karibu mara tatu ya lile lile likiwa kilomita 30, sio mara moja na nusu kama mtu anavyodhani, na hiyo ni hesabu ya fizikia ya sekondari sio maneno yangu. Kelele nazo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilishauri kelele za magari zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima, usiku ukihesabiwa kwa uzito zaidi. Sisi hatuna kipimo lakini nyumba ya kwangu vikombe vilikuwa vinagongana kabatini.

Wengine wanasema mwenyekiti kabuni kitu cha ajabu. Jamani. Uholanzi walianza mambo haya mji wa Delft, na kufika 1976 ikawa sheria ya nchi kwamba kuna mitaa ambayo gari ndio mgeni na mtembea kwa miguu ndio mwenyeji. Graz kule Austria mwaka 1992 waliweka kilomita 30 karibu mji mzima isipokuwa barabara kubwa. Barcelona mwaka 2016 walifunga njia za kukatiza kwenye eneo la Poblenou, na wakazi waliandamana na mabango kabisa, kwahiyo hata kulalamika kwenu hamjaanza nyinyi.

Nimesikia pia kwamba nguzo imewekwa kule chini kwa sababu ndiko nyumba yangu iliko. Kweli, nyumba yangu iko kule. Ila ndiko njia inakoanza kuwa nyembamba, na mngetaka iwekwe katikati gari linaloingia lingegeuzia wapi, sebuleni kwa mtu? Barua zote nimeandika mimi, rangi nimepaka mimi, kufuli nimenunua kwa hela yangu, risiti ninayo na sijadai.

Nakubali kosa moja. Ile jioni ya gari la kuhamisha vyombo, funguo ilikuwa moja tu na ilikuwa mfukoni mwa suruali iliyokuwa kwenye beseni la kufulia, nimeloweka. Watu wamesimama na kabati la milango mitatu katikati ya njia, giza linaingia, mimi nachakura mapovu. Nilipoipata kufuli nalo likagoma, lilikuwa limeshika kutu, tukalimwagia mafuta ndio likafunguka. Aliyehamia siku hiyo yupo hapa, amenisamehe, au aliniambia hivyo. Baada ya hapo funguo ni tatu: kwangu, kwa katibu, na kwa mzee wa nyumba ya mwisho ambaye hatoki. Zimamoto na watu wa ambulensi tumewapelekea taarifa kwa barua, na wanaweza pia kuingilia juu ambako hakuna nguzo.

"Mbona hatukuulizwa?" Mliulizwa. Kikao kiliitwa mara mbili, tangazo lilibandikwa na kwenye grupu likawekwa, nikaona alama za kusomwa. Akidi yetu ni 20, kikao cha kwanza walikuja 9, cha pili 11 na wawili kati yao walikuwa wanajikinga mvua. Katiba yetu inasema akidi ikikosekana mara mbili kamati inaamua. Tukaamua, watano, wanne ndiyo mmoja hapana, na aliyesema hapana anajua namheshimu. Baada ya wiki nikaletewa barua ya kupinga ina sahihi 23. Ishirini na tatu! Hao watu jioni ya kikao walikuwa wapi?

Na tukizungumzia hao 23, mhazini amenipa karatasi. Kaya 58, waliomaliza ada ya mwaka 19, waliolipa nusu 11, hao 28 waliobaki ni wa "kesho". Kati ya sahihi 23, waliomaliza ada ni 6. Sisemi asiyelipa asiongee. Nasema tu kwamba zile taa tatu zinamulika kote, haziruki mlango wa mtu. Majina sitayasoma, mhazini alitaka niyasome nikakataa, ila mwakani sina uhakika kama nitakuwa na moyo huo huo.

Mipango: tunatumaini kubadilisha kipande kingine cha bomba hela ikipatikana, kuongeza benchi, kuwa na orodha ya mafundi wa kuaminika ili mtu asihangaike usiku, na pengine tuta moja kule juu, hilo tutaliongea. Nguzo tutaitazama upya baada ya miezi sita kwenye kikao, chenye akidi tafadhali.

Mwenye gari kubwa linalokuja wiki hii awasiliane na katibu. Mimi nasafiri mpaka Jumapili, na funguo yangu nimemwachia yeye.

Mwenyekiti wenu.