Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Wapimeni mama zetu kumbukumbu mapema

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia, ingawa uvumilivu umeniishia. Juma lililopita mama yangu alikutwa alfajiri uani kwa watu, akiuliza njia ya kwenda kwa baba yake aliyekwisha kufa zamani. Vijana wakaanza kumwita mchawi. Huku Usukumani, Mheshimiwa, unajua neno hilo limewafanya wanawake wazee wangapi wakatwe mapanga.

Alianza kusahau mambo hedhi ilipokoma, akiwa na miaka hamsini na kitu. Muuza dagaa aliyeshika madeni ya soko zima kichwani, hesabu zikampotea. Zahanati wakampima malaria, wakasema ni utu uzima tu. Presha hawakugusa, na mimi naamini presha ndiyo iliyomla ubongo polepole.

Wanawake wengi husahausahau kipindi hicho, na kwa wengi hali hupita. Ndiyo maana wapimwe! Ajulikane ambaye hali itampita, ajulikane mwenye sukari au sonona inayotibika, ajulikane anayeanza kuugua kweli dementia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu.

Msituambie hakuna vifaa. Kipimo cha kumbukumbu kiitwacho IDEA kilitengenezwa hapa hapa nchini, wilayani Hai, kwa kuwafikiria hata wasiojua kusoma: mtu akumbuke maneno kumi, ataje wanyama kwa dakika moja, apange njiti za kiberiti. Kilijaribiwa kwa wazee; wataalamu wetu wakirekebishe kwa wenye miaka hamsini.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu uzee kuanzia miaka 60. Hedhi kwa kawaida hukoma kati ya 45 na 55. Hapo katikati mwanamke hana pa kwenda: kliniki ya uzazi imemalizana naye, na dirisha lenye tangazo la "Mpishe mzee kwanza" si lake bado. Mpango wa dunia kuhusu ugonjwa huu, uliopitishwa Geneva Mei 2017, ulikuwa wa kufika 2025. Kwenye zahanati yetu mpango huo haujafika.

Naomba jambo moja. Mwanamke aliyekoma hedhi akienda zahanati, apimwe presha, sukari na kumbukumbu, iandikwe kwenye daftari lake, na mwaka unaofuata aitwe tena. Hilo tu, Mheshimiwa, apimwe.

Kwa mama tumechelewa. Mdogo wake ana miaka 51, na ameanza kuniuliza swali lile lile asubuhi nzima. Nimpeleke wapi?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa muuza dagaa, Mwanza