Mtihani wa nadharia Uingereza unawaangusha madereva wetu wazoefu

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu karibu kila siku na naona mnaandika sana habari za viza na mishahara ya huku Uingereza, ila la leseni ya gari sijawahi kuliona, na hilo ndo linatukwamisha wengi tunaofanya kazi za kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, za kuzunguka nyumba kwa nyumba, maana huna gari zamu za maana hupewi.

Kwanza kabisa, leseni ya Tanzania huku unaitumia miezi 12 tu tangu uanze kuishi hapa. Ya Kenya hivyohivyo. Sisi hatumo kwenye ile orodha ya nchi ambazo unapeleka leseni yako wanakupa ya kwao, Wazimbabwe na Wasauzi wamo, sisi hatumo. Mwaka ukikatika, hata kama umeendesha lori la Tunduma miaka 20, unahesabika mwanafunzi, unaomba leseni ya lena kwa pauni 34 ukiomba mtandaoni, unafanya mtihani wa nadharia, na usipoupasi huo, mtihani wa barabarani huwezi hata kuubuku.

Mie Mwanza niliendesha Noah ya abiria miaka 9. Huku wanapita kushoto kama kwetu, kipilefti unampisha wa kulia kwako kama kwetu, nikaona hapa hakuna kitu, nikasoma wiki mbili nikaenda.

Ukifika pale cha kwanza wanataka kadi yako ya lena, kadi yenyewe, sio picha kwenye simu. Ukiisahau unarudi nyumbani na pauni 23 za mtihani zimeshakwenda. Vitu vyote unafungia kwenye kikabati, simu unazima. Halafu dada mmoja akaniambia nikunje mikono ya shati, nigeuze mifuko nje, nivue miwani aiangalie, nimuonyeshe na masikio kama sijaficha kidude. Msikasirike mkifanyiwa hivyo, kila mtu anafanyiwa, kuna watu walishakamatwa wanasomewa majibu kwa bluetooth na wengine walienda kumfanyia mwenzao mtihani wakaishia jela. Kwa hiyo yule anayepita kwenye magrupu ya WhatsApp anakwambia lete hela nikufanyie, jamani mkimbieni, viza yako na kazi yako vyote unavitia rehani.

Sehemu ya kwanza ni maswali 50 ya kuchagua jibu, dakika 57, unatakiwa upate 43. Muda unatosha na kubaki. Ila lazima usome kitabu chao cha sheria za barabarani, Highway Code, kipo bure mtandaoni, maana uzoefu haukwambii kwamba tairi lisipungue milimita 1.6 za kashata, au kwamba ukiwa spidi 30 gari inasimama baada ya mita 23 na ukiwa 70 ni mita 96, na hapo spidi ni maili sio kilomita, hilo linawachanganya sana wetu. Barabara yenye nguzo za taa na haina kibao cha spidi ujue ni 30, ila kule Wales ni 20. Na Kiswahili hakuna. Zamani kulikuwa na sauti za lugha za kigeni, wakazifuta Aprili 2014, sasa ni Kiingereza na Kiwelshi tu, na mkalimani haruhusiwi. Anayesoma kwa shida anaweza kuomba wakati wa kubuku asomewe Kiingereza kwenye hedifoni, na sio aibu hata kidogo.

Mie hapo nilipata 47. Unapumzika dakika 3, halafu inakuja sehemu iliyoniangusha.

Wanakuonyesha klipu 14 za video, wewe ni kama uko kwenye siti ya dereva, na ukiona hatari inaanza kujitokeza unabofya mausi. Kila klipu ina hatari moja, isipokuwa moja ina mbili, jumla 15. Ukiwahi unapata 5, ukichelewa zinashuka mpaka sifuri, na unatakiwa 44 kati ya 75. Hakuna kurudia klipu. Na ukibofyabofya ovyo mashine inajua, klipu hiyo inakupa sifuri.

Nilipata 39. Nilikaa kwenye basi nawaza, mbona zote niliziona? Mama anasukuma kigari cha mtoto anasogea ukingo wa barabara, nilimuona. Gari imepaki, tairi la mbele linaanza kukata, nililiona. Nikaja kugundua macho hayana shida, shida ni kwamba kwetu mtu akisogea ukingoni sio habari, pale Mwanza mjini ukimhesabu kila anayesogea ukingoni hutafika, unamngoja aingie kabisa ndo unagusa breki. Miaka 9 nimefundishwa hivyo na barabara. Hawa wanataka ubofye pale anapoanza kukufanya ufikirie kupunguza mwendo, sio pale unapopunguza. Kwa hiyo anayejifunza upya kabisa anaweza akapasi na dereva wa miaka mingi akafeli, nimeshuhudia kwa wenzangu kazini zaidi ya mara moja.

Dawa yake ni kubofya ukiiona, na ukiona inakua unabofya tena, maana kama uliwahi mno kabla hawajaanza kuhesabu ile ya pili inakuokoa. Na kufanya mazoezi ya klipu zenyewe, sio maswali peke yake. Ukifeli sehemu moja unarudia zote mbili, unalipa tena, na lazima zipite siku 3 za kazi. Mara ya pili nilipata 57. Cheti kinakaa miaka 2, ndani ya hapo uwe umepasi wa barabarani, la sivyo unaanza upya.

Naomba sana mhariri muandike hili vizuri, mtu alijue kabla hajapanda ndege, asije akashtuka amebakiza mwezi mmoja kama mimi. Mdogo wangu kaingia huku juzijuzi, bado ana miezi yake karibu yote, na tumeshaanza. Kila jioni nikitoka zamu tunakaa na laptopu, klipu tano tu, yeye habofyi, anataja kwa sauti: yule pale, yule wa baiskeli. Wiki ya kwanza nilikuwa namtangulia kila klipu. Jana alisema "yule" mie bado sijaona kitu.

Msomaji wenu,
Leicester, Uingereza