YAH: Malalamiko Kuhusu Kifurushi cha Maboresho ya Amplifaya ya Valvu na Kauli za Mshauri Wenu wa Ufundi

Ndugu Meneja,

Ninaandika kwa heshima, ingawa barua ya kwanza nililazimika kuichana kwa sababu ilikuwa na maneno yasiyofaa kusomwa ofisini. Kumbukumbu za oda yangu mnazo na masharti yenu ya mauzo mnayajua, kwa hiyo sitayarudia.

Niliomba ushauri wa jambo moja tu: ni vipande gani vya seti yenu ya kujiundia amplifaya vinastahili kubadilishwa na vipi viachwe kama vilivyo. Mshauri wenu alinichagulia kapasita (vipande vinavyopitisha sauti na kuzuia volti ya juu) za karatasi na mafuta badala ya zile za filamu zilizokuja na seti, pamoja na waya wa shaba uliopakwa fedha utakaotumika ndani ya chasisi yote. Kapasita za awali ziliandikwa volti 630, yaani kikomo cha volti zinazohimili, na hizi za daraja la juu zimeandikwa 400. Ganda la waya wa awali lilihimili volti 600, na la huu mpya ni 300. Nimelipa zaidi nikapewa pungufu, na ninyi mnaita hayo maboresho.

Seti yenu hutumia diodi kwenye pawasaplai, kwa hiyo mara tu swichi inapowashwa volti ya juu hufika papo hapo, wakati valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) zingali baridi na hazijaanza kuvuta mkondo. Kwa vipande vya awali nilipima volti 455 katika sekunde hizo za mwanzo. Kapasita iliyo kati ya anodi (bamba linalopokea mkondo) ya ECC83, valvu ndogo ya mwanzo, na gridi (waya unaodhibiti mkondo) ya EL34, valvu kubwa ya kutoa nguvu, hubeba karibu volti hizo zote, na ikianza kuvuja, gridi hupoteza volti hasi inayoizuia valvu, mkondo hupanda na anodi huwaka nyekundu. Ndivyo ilivyotokea. EL34 moja imeharibika, na sina tena imani na transfoma ya kutolea sauti iliyopitisha mkondo huo.

Niliyaona maandishi ya volti 400 kabla ya kushika chuma cha kulehemu, nikawapigia simu. Nilimuuliza mshauri wenu kwa utulivu kama kapasita hiyo inatosha, nikaanza kumsomea vipimo vyangu. Akaweka simu kwenye spika na kuwaambia wenzake, "Msikilizeni fundi wa mita huyu," kisha akaniambia kwamba anayeogopa namba anunue redio iliyokwisha kuundwa. Wakacheka. Baadaye ofisi yenu ilinitumia barua pepe iliyothibitisha kwamba kifurushi kinafaa kwa seti hii, na ni kwa uthibitisho huo wa maandishi nilipokifunga.

Valvu ilipoharibika, mlinijibu kwamba dhamana imefutika kwa sababu nimeondoa vipande vya awali. Niliviondoa ili nifunge vyenu, mlivyoniuzia ninyi wenyewe kwa ajili ya seti hiyohiyo! Sijui ni nani aliyeandika jibu hilo bila kuona aibu.

Na waya pia nisiusahau. Mshauri alisema utumike hata kwenye hita, yaani nyuzi zinazopasha valvu joto, ilhali EL34 mbili peke yake huvuta ampea 3 kwa volti 6.3. Waya mwembamba kiasi kile hupata joto na kupunguza volti inayofika kwenye valvu. Hita zilihitaji waya mnene uliosokotwa jozi ili mvumo upungue, na ule wa awali ulikuwa hivyo.

Lakini narudi kwenye simu ile, kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko hasara. Nilikuwa katikati ya kusoma namba, nimefika kwenye 455, alipowaita wenzake wanisikilize. Hakuuliza nilipima wapi wala kwa mita gani. Alisema "fundi wa mita" kana kwamba kupima ni kosa, wakacheka, na nilipomwomba anijibu swali langu alikata simu. Swali hilo lilikuwa la usalama: volti za kiasi hicho huua mtu.

Nilikusudia kudai fedha za kifurushi peke yake. Sasa nadai fedha hizo, jozi mpya ya EL34 zilizolinganishwa, transfoma mpya, na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na mshauri huyo mwenyewe. Aidha, nataka muwaarifu kwa maandishi wote walionunua kifurushi hiki kwamba wasiwashe amplifaya zao. Msiponijibu ndani ya siku 14, nitawasilisha vipimo, picha za kapasita na barua pepe yenu kwa mamlaka inayolinda watumiaji, kisha nitavitangaza hadharani, na hapo sitapokea tena pendekezo la kumaliza jambo hili kimyakimya. Kapasita zilizovuja ninazo, na sitazirudisha kwenu hadi zikaguliwe na mtu asiyelipwa nanyi.

Wenu,
Mteja mliyemcheka