Mwanangu, ile tinga uliyoniuliza

Mwanangu kipenzi,

Juzi usiku ulivonipigia unaniuliza yule kuku wa nyuzinyuzi tuliyekuwa tunakula Jumapili hapa Queens, New York, anapikwaje, nilikujibu harakaharaka afu nikakosa usingizi maana vitu vingi nimeviruka, kwaiyo naandika vizuri uiweke.

Inaitwa tinga, chakula cha watu wa Puebla kule Mexico, nimefundishwa na mama mmoja wa hukohuko tulivyokuwa tunafanya kazi jikoni kwenye mgahawa, wewe bado mdogo. New York hii Wapuebla wamejaa. Yeye Kiswahili hajui, mimi Kihispania nilikuwa na maneno kumi tu, ila alinishika mkono kabisa akanionyesha kitunguu kinakatwaje.

Chukua kidari nusu kilo, chemsha na chumvi, nusu kitunguu na punje mbili za saumu, moto mdogo dakika ishirini hivi, maji yawe yanacheza tu. Ukimchemsha kwa fujo anakauka anakuwa kama kamba, mimi imenitokea mara ya kwanza na nikalia kweli maana hela ya kuku mwingine sikuwa nayo. Supu usimwage! Akipoa kidogo mchambue kwa vidole, kisu hapana, ile nyama ikichanika yenyewe ndo inanywa mchuzi.

Sasa pilipili. Nunua kopo la chipotle, zile za kwenye adobo, yaani mchuzi wake mwekundu, ni pilipili za jalapeño zilizoiva zikawa nyekundu afu zikakaushwa kwa moshi, hata jina lenyewe limetoka Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, maana yake pilipili na moshi. Ukiweka pilipili ya kawaida itawasha tu, ule moshi hautakuwepo, na bila moshi hiyo sio tinga mwanangu. Tia mbili na kijiko cha mchuzi wake kwenye blenda, na nyanya tano zilizoiva, saumu, oregano kidogo. Pilipili zinazobaki kwenye kopo hamishia kwenye chombo chenye mfuniko weka frijini.

Vitunguu viwili vikubwa, kata vipande virefu vyembamba, usikatekate vidogovidogo. Kaanga polepole mpaka vilegee viwe kama kioo, dakika kumi, usikimbilie hapo. Fungua dirisha kabla hujamimina nyanya maana ule mvuke wa pilipili unakaba koo, na hizo alamu za apatimenti nazijua mimi. Mimina, acha ichemke mpaka rangi ikolee na mafuta yaanze kujitenga pembeni, ndo utie kuku na upawa mmoja wa ile supu. Dakika kumi na tano tena. Pitisha mwiko chini ya sufuria, ukiona njia imebaki wazi kidogo kabla mchuzi haujarudi, zima, tinga haiwi majimaji.

Kula na tostada, zile tortilla, chapati nyembamba za mahindi, zilizokaangwa zikawa ngumu, paka maharage ya kuponda chini kwanza ili isilowe, afu kuku, saladi, krimu, jibini, parachichi. Yule mama alikuwa ananitilia zangu mbili kwenye foili nikuletee, ulikuwa unanisubiri mlangoni na soksi moja mguuni.

Ukianza kukaanga vitunguu nipigie video, nataka kuona rangi.

Mamaako