Ahsante wewe uliyenikagulia viraka vyangu

Ndugu yangu, jina lako silitaji kwa kuwa wewe mwenyewe hukupenda litajwe, lakini kunyamaza nimeshindwa.

Nilikuwa hapa Mwanga, Kigoma, na viraka vitatu vidogo, yaani mabadiliko ya msimbo yanayotumwa yakaguliwe, vya kusafisha kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa kuendesha kompyuta. Kazi ya kufagia tu: nafasi zilizozidi mwisho wa mstari, tabo isiyokaa sawa, na sharti la "if" lililotangulia kfree, amri ya kuachia kumbukumbu ya kompyuta, likiuliza kwanza kama kuna cha kuachia. Sharti hilo huwa halina kazi, maana kfree ikipewa NULL, yaani anwani tupu, haifanyi chochote. Nikalifuta kila nilipolikuta, na kompyuta ikajenga kila kitu bila kulalamika.

Wewe ukasoma mstari kwa mstari. Ukanionyesha mahali pamoja ambapo ndani ya lile sharti, chini ya kfree, palikuwa na mstari wa pili unaopunguza hesabu. Sharti likiondoka, hesabu inapungua hata pale ambapo hakuna kumbukumbu iliyoachiwa. Niliposoma hayo mwili ulinisisimka. Mimi nilikuwa nafagia, kumbe nang'oa nguzo!

Hukunifokea. Ulinielekeza nitenganishe usafi wa nafasi na mabadiliko ya mantiki, kila kiraka jambo moja, na nieleze kwa nini, si nini tu. Nilirudia mara nne, nawe mara zote nne ukasoma upya.

Ahsante sana, mwalimu wangu. Ukifika mwisho wa reli, migebuka ya Tanganyika na ugali wa muhogo vinakusubiri nyumbani kwetu. Mama ameshaambiwa.